Jibu: Nitaisomaje alama ya taifa kwenye jengo la ubalozi?

Salaam mkuu. Nimeelewa ulipokwama: unaandika insha kuhusu majengo ya balozi, lakini kila picha unaona vioo na zege tu, "utaifa" huuoni.

Mimi nilianza na bendera na nembo, nikapoteza wiki nzima. Anza na uzio. Angalia umbali kutoka barabarani hadi ukutani, na mgeni wa kawaida anaingilia mlango upi. Hapo ndipo utajua nchi inamwamini nani.

Kisha weka pamoja balozi mbili za Marekani. Ya New Delhi, iliyochorwa na Edward Durell Stone na kufunguliwa 1959, ina kuta za matundu matundu kama jali, yaani viambaza vya Kihindi vyenye nakshi za kutobolewa, na uani kuna maji. Mgeni kamsalimu mwenyeji kwa lugha ya mwenyeji. Ya London iliyofunguliwa 2018 nayo ina bwawa, ila hili linazuia magari. Kati ya hizo mbili kuna mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, 1998; tangu hapo usalama ndio ulioshika kalamu.

Ukitaka mfano mtamu zaidi, nenda Berlin. Denmark, Ufini, Iceland, Norwe na Uswidi ziliweka balozi zao kwenye kiwanja kimoja mwaka 1999, kila moja na jengo lake, zote zimezungushiwa ukanda mmoja wa shaba ya kijani. Huo ukanda peke yake ni kurasa tatu.

Na usiandike "uwazi" kwa sababu tu umeona vioo. Uliza kwanza kama vinapitisha risasi.