Nyundo Iliyovunjika: Maelezo kwa Fundi Mpya wa Bunduki

Wewe uliyejiunga na karakana yetu hapa Nairobi mwezi huu utaletewa, mapema kuliko unavyodhani, bunduki ya wenzo, yaani ile inayojazwa risasi kwa kusukuma mkono ulio chini ya kifyatulio, ambayo nyundo yake, kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke, imevunjika. Kabla ya kushika bisibisi, hakikisha bunduki na leseni ya mwenyewe vimeandikwa kwenye daftari la karakana. Sheria ya silaha za moto, Sura ya 114, hairuhusu mtu kufanya biashara ya kutengeneza bunduki bila kusajiliwa, na kazi hii haifanywi kichochoroni hata kama mwenye bunduki ni jirani yako.

Bunduki hizi ni za muundo wa zamani. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda katika nchi yetu mwaka 1909 alibeba bunduki ya wenzo aina ya Winchester ya mwaka 1895, iliyobuniwa na John Browning. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na baadhi ya bunduki nilizopokea zilikuwa zimekaa kabatini miaka mingi, mafuta yake yakiwa yameganda kama gundi. Mwenye bunduki alipoikuta nyundo ni nzito, aliilazimisha, ikavunjika.

Hakikisha haina risasi, na usitosheke kutazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, peke yake. Katika nyingi za bunduki hizi risasi hukaa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, na moja inaweza kukwama humo huku chemba ikionekana tupu. Sukuma wenzo mara kadhaa, kisha tazama kwa tochi na uguse kwa kidole.

Nitaeleza jinsi ya kutoa nyundo kwa kutumia bunduki ya Marlin 336, kwa kuwa ndiyo niliyojifunzia. Fungua skrubu ya kitako na ukivute nyuma, kisha uondoe skrubu ya wenzo, wenzo wenyewe na bolti, kile kipande kinachofunga chemba kwa nyuma. Sasa nyundo imebaki imepandishwa na springi yake imebanwa, kwa hiyo izuie kwa kidole gumba na uishushe taratibu. Kifyatulio hakitasogea hadi ubonyeze kizuizi kidogo kilicho nyuma yake, ambacho kwa kawaida hubonyezwa na wenzo. Wengi huhangaika hapa wakidhani kuna kitu kimekwama. Nyundo ikishashuka, sukuma kando bamba linaloshikilia springi, uitoe springi, ufungue skrubu ya nyundo na uitoe nyundo kwa juu. Tumia bisibisi inayojaa barabara kwenye mfereji wa skrubu, kwa sababu skrubu iliyochubuka kichwa humwonyesha mteja ulivyofanya kazi.

Sasa tazama mahali ilipovunjikia, kwa kuwa hapo ndipo penye uamuzi wote. Ukiwa umevunjika mkia wa juu, pale kidole gumba kinapopandishia, unaweza kuchomelewa na fundi mzoefu, mradi sehemu ya chini ifungwe kwa kitambaa chenye maji ili joto lisiifikie, kisha umbo lirudishwe kwa tupa. Lakini ukiwa umevunjika mkato, yaani pengo dogo linaloshika nyundo isianguke, iwe ule wa nusu, nyundo ikiwa imepandishwa nusu, au ule wa kufyatulia, ikiwa imepandishwa kabisa, usichomelee wala usipige tupa. Weka nyundo mpya. Chuma cha mikato hiyo kimefanywa kigumu kwa moto. Joto la kuchomelea hukilainisha, na tupa hubadilisha pembe ambayo kishikizo cha kifyatulio, ile ncha inayoingia kwenye mkato, huikalia.

Nasema hivi kwa sababu nilikosea. Mwaka wangu wa pili nilikuta mkato wa nusu umechanika kidogo, nikaona ni vyema niusafishe kwa tupa ndogo. Ulionekana mzuri mno. Msimamizi wangu aliipandisha nyundo ya bunduki hiyo tupu hadi nusu, akagonga kitako kwenye meza mara moja, nayo ikaanguka. Hakunifokea, bali aliniuliza kama ningekubali mtoto wangu asimame mbele ya mtutu huo. Swali hilo bado linanikaa moyoni.

Ukishaweka nyundo mpya, ijaribu bunduki ikiwa tupu, au ikiwa na risasi za mazoezi zisizo na baruti. Ipandishe kabisa, kisha isukume mbele kwa kidole gumba kwa nguvu bila kugusa kifyatulio: isiachie. Iweke nusu na uvute kifyatulio: isianguke. Gonga kitako kwa nyundo ya mpira kutoka pande zote na urudie mara nyingi, kwa kuwa kishikizo kilichochakaa huweza kuzishinda mara tisa za kwanza na kuachia ya kumi. Ikiachia hata mara moja, kishikizo nacho kibadilishwe.

Vipande vya zamani vitie kwenye bahasha na umkabidhi mteja pamoja na bunduki. Umwonyeshe mahali palipokatika, umweleze jinsi mafuta yaliyoganda yalivyochangia, na uandike sehemu uliyobadilisha kwenye daftari kabla bunduki haijatoka mlangoni.