Kukopa, kukopesha, kukopea: nani anadaiwa?

Swali: Nimepata chumba Kayole. Kwenye mkataba niandike "nimepanga" au "nimepangisha"?

Umepanga. Anayelipa kodi hupanga, anayeipokea hupangisha. Ukitaka kumtaja mwenye nyumba katika sentensi hiyohiyo, andika "nimepangishwa na" fulani. Viti vya harusi ni vivyo hivyo: mwenye sherehe hukodi, mwenye viti hukodisha. Nalisisitiza hili kwa sababu mikataba mingi ya mtaani huandikwa kwa kalamu, watu wakiwa na haraka. Sentensi kama "Mimi nimekubali kupangisha chumba kwa shilingi 8,000 kwa mwezi", chini yake pakiwa na sahihi ya mpangaji, inasema kwamba mpangaji ndiye mwenye chumba. Siku ya kugombania dipoziti, karatasi ya namna hiyo itakutia taabani. Tajeni majina kamili na nambari za vitambulisho, na nani anampa nani chumba. Kabla hujatuma hata shilingi, uliza kama unayezungumza naye ni mwenye nyumba au ni wakala. Akiwa wakala, aonyeshe barua ya aliyemtuma.

Swali: "Nilimkopa" na "nilimkopesha" si kitu kimoja?

Sivyo hata kidogo. "Nilimkopa jirani elfu mbili": pesa zilitoka kwa jirani, wewe unadaiwa. "Nilimkopesha": zilitoka kwako, unamdai. Lipo na la tatu ambalo watu hulipuuza, "nilimkopea", yaani ulikwenda kwa mtu mwingine ukakopa kwa niaba yake. Aliyetoa pesa anakujua wewe. Anayekwambia "nikopee" anakuomba ubebe deni lake, kwa hiyo usiitikie kwa mazoea.

Kuazima nako si kukopa. Kitu cha kuazima hurudi kilekile: sufuria, ngazi, kitabu. Unga wa jirani ukishasongwa ugali haurudi. Utarudisha unga mwingine, basi umeukopa. Shida ya "azima" ni kwamba hutumiwa na anayetoa na anayepokea pia, kwa hiyo taja ngazi ni ya nani.

Swali: Kwenye fomu ya chama, mdai ni nani na mdaiwa ni nani?

Mdai anatafuta pesa zake, mdaiwa anatafutwa. Hukuuliza kuhusu mdhamini, lakini soma sehemu hiyo mara mbili kabla ya kutia sahihi: katika Sacco, mkopaji akishindwa kulipa, akiba ya mdhamini inaweza kukatwa.

Swali: Picha napakia au napakua?

Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Kupakia ni kutia: mizigo kwenye lori, picha mtandaoni. Kupakua ni kutoa: mizigo kwenye lori, chakula sufuriani, faili kutoka mtandaoni hadi kwenye simu yako. Tazama kitu kinaelekea wapi, ndipo uandike.

Swali: "Amehama Rongai" au "amehamia Rongai"?

Amehama, ameondoka. Amehamia, ndiko anakoishi sasa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Je, kinyume cha kila kitenzi hupatikana kwa kuongeza -ua?

Hapana. Kuna funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua. Vingine hupoteza silabi: anika na anua, ezeka na ezua, bandika na bandua. Penye o, huja -oa: chomeka na chomoa. Lakini nunua haihusiani na nuna, wala tambua na tamba. Kinyume cha nunua ni uza.

Kinachowapotezea watahiniwa alama ni kuchanganya kinyume na ukanushaji. "Hakufunga mlango" ni ukanushaji. Huenda mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi na hakuna aliyeugusa. "Alifungua mlango" ni kinyume: ulikuwa umefungwa, mtu akauondoa katika hali hiyo. Walimu wanaogawa orodha za vinyume za kukariri, bila sentensi hata moja, ndio wanaolikuza kosa hili. Ukiambiwa ukanushe, badilisha viambishi. Ukiambiwa uandike kinyume, badilisha neno lililopigiwa mstari, hilo tu. Katika "Fundi aliezeka nyumba mpya", ikiwa mstari uko chini ya "aliezeka" peke yake, jibu ni "Fundi aliezua nyumba mpya". Ukiandika "kuukuu" umegusa usichoulizwa.