Kunyonya vumbi kwenye atelye ndogo ya nyumbani: aspirateri au mashini ya mfuko?

Ndugu aliyeuliza yuko Bukavu, upande wa Kadutu, ana chumba cha mita 4 kwa 3 nyuma ya nyumba. Ndani kuna msumeno wa meza, randa ya umeme ya kusawazisha unene, na mashini ya msasa ya mkono. Ameonyeshwa aspirateri ya atelye ya wati 1,400 na mashini ya mfuko, yaani feni inayovuta vumbi na kulisukuma kwenye mfuko wa kitambaa, ya nguvu ya farasi 1 (kilowati 0.75), bei zinakaribiana. Achukue ipi, na airekebishe vipi?

Mwenye randa achukue ya mfuko. Piga hesabu: ubao wa upana wa sentimita 30 ukipunguzwa milimita 2, ukitembea mita 6 kwa dakika, unatoa lita 3.6 za mti kila dakika, na maranda huchukua nafasi mara tano hadi kumi ya mti wenyewe. Hizo ni lita 18 hadi 36 kwa dakika. Aspirateri ya lita 20 itajaa ukiwa bado kwenye mbao za mwanzo. Aspirateri huvuta kwa nguvu lakini hewa kidogo, mashini ya mfuko huvuta hewa nyingi kwa nguvu ndogo. Usijaribu kuunga mpira wa milimita 35 wa mashini ya msasa kwenye hiyo ya mfuko: hewa haitapita, na vumbi litabaki mezani.

Kabla ya kulipa, hasa kama ni ya mtumba, soma kibati cha moteri. Volti 220, hertsi 50, mizunguko kama 2,850 kwa dakika, hiyo ni sawa. Iliyotengenezewa Marekani, ya volti 110 na hertsi 60, iache hata ikiwa ya bei ya kutupa. Kwenye hertsi 50 feni inazunguka polepole, nguvu ya kuvuta inashuka karibu theluthi moja, na moteri inapata moto. Namba ya mita za ujazo iliyoandikwa kwenye katoni usiitegemee. Mara nyingi imepimwa bila mpira wala mfuko. Katoni ikisema 1,200 kwa saa, hesabu 600.

Kipimo cha kuaminika ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Ziba mdomo wa mashini kwa kibao chenye tundu dogo, chomeka ncha moja ya mpira hapo, washa. Tofauti ya maji kati ya pande mbili ikiwa sentimita 10, ni kama paskali 1,000. Mashini iliyoandikwa paskali 2,000 ingetoa sentimita 20 kule pwani. Kwetu, mita karibu 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo 17 ni mashini nzima. Ikitoa 10, feni imelika au kuna mahali inavuja.

Sasa tiyo. Vumbi la mbao linahitaji hewa iende kama mita 20 kwa sekunde ili lisilale njiani. Kwenye tiyo ya milimita 100 hiyo ni mita za ujazo 565 kwa saa, yaani uwezo wote wa farasi 1. Ndiyo maana tiyo ya PVC ya 110, ya maji machafu, inayouzwa kwenye kila kenkayeri, inafaa kabisa, na ya 160 itakusumbua: hewa itapungua mwendo na maranda yatajikusanya chini mpaka yazibe. Mpira wenye mikunjo tumia mita moja tu ya mwisho, kwa sababu unakwamisha hewa mara mbili au tatu kuliko tiyo laini ya urefu ule ule. Kona ya digrii 90 itengeneze kwa mbili za 45. Weka vizuizi vya kusukuma, vya kufunga na kufungua njia ya hewa, vya tripleksi ya milimita 6, kimoja kwa kila mashini, na kifunguliwe kimoja tu kwa wakati. Kwa msumeno wa meza, kunyonya chini peke yake hakutoshi, maana meno hurusha vumbi juu: gawa 110 iwe 75 chini na 63 juu kwenye kinga ya msumeno. Eneo la hizo mbili pamoja ni kama asilimia 80 ya lile la tiyo kubwa.

Rekebisho lenye faida kuliko yote ni pipa la kutenga, linalokamata maranda kabla hayajafika kwenye feni. Mashini nyingi za mfuko hupitisha kila kitu katikati ya feni, na kipande cha mti kikigonga mabawa ya plastiki, yanapasuka. Tafuta pipa la plastiki la lita 120 lenye mdomo mpana. Mapipa haya mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo, hivyo sahani ya kutenga, ile inayozuia maranda yasiinuke tena, ikiweza kupita mdomoni haitagusa ukuta. Kwa hiyo usiiweke ndani. Jenga pete ya bati juu ya mdomo: kwa kipenyo cha sentimita 50, kata bati la sentimita 160 kwa 13, ulikunje, urivite. Juu funika kwa tripleksi ya 18. Tiyo ya kuingiza ipite ubavuni mwa pete, ikiambaa na ukuta, si kuelekea katikati. Tiyo ya kwenda kwenye feni itoke katikati ya kifuniko, ishuke ndani ya pete hadi nusu ya kimo chake.

Chini ya pete inakaa sahani ya tripleksi. Kwenye ukingo wake kata mwanya wa milimita 28 unaozunguka theluthi mbili za duara, digrii 240. Theluthi iliyobaki iguse bati, na ikae pale hewa inapoingilia. Mwanya uanze baada ya hapo. Maranda yanazunguka yakisukumwa ukutani, yanaangukia mwanyani, na sahani inazuia kimbunga kisiyainue tena. Ni mpango wa Mmarekani Phil Thien, na unafanya kazi vizuri kwenye farasi 1 ambako saikloni ndefu, yaani mtungi wa koni unaotenga vumbi kwa kuzungusha hewa, ingekula mvuto mwingi mno. Mambo mawili huuharibu. La kwanza ni uvujaji upande wa pipa: tundu dogo tu chini linapuliza vumbi juu moja kwa moja kwenye feni. Pitisha uzi mwembamba kwenye kila kiungo mashini ikiwaka. Unapovutwa ndani, paka silikoni. La pili ni kuchelewa kumwaga. Likifika theluthi mbili, mwaga.

Ukitaka pipa kama hilo kwa aspirateri, kumbuka kwamba mpira ukiziba mvuto unaweza kufika paskali 20,000. Kwenye kifuniko cha kipenyo cha sentimita 40 huo ni uzito wa kama kilo 250. Ndoo ya rangi inajikunja papo hapo. Tumia pipa dogo lenye ukuta mnene.

Hewa iende wapi? Mfuko wa kitambaa unaokuja na mashini hukamata maranda na kurudisha ndani unga mwembamba, ule usioonekana, ambao ndio unaofika mapafuni. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1995. Mfuko ule ni wa kutoa. Wazungu hung'ang'ana na vichujio kwa sababu hawataki kutupa nje hewa waliyoilipia kuipasha joto. Sisi hatupashi nyumba joto, kwa hiyo toa nje, kama kuna nafasi. Acha tundu la kuingizia hewa la angalau sentimita 30 kwa 30 upande wa pili wa chumba. Na kama mlango unaungana na jiko, mbabula isiwake wakati mashini inafanya kazi, maana hewa itavutwa kutoka huko pamoja na sumu ya makaa.

Tatizo la Kadutu ni mlima: dirisha la jirani wa juu liko usawa wa bati lako. Hapo weka kichujio cha karatasi cha lori kubwa. Usinunue kwa ukubwa wa macho, hesabu mikunjo: 200, kila mmoja kina cha sentimita 5 na kimo cha 40, ni 200 × 2 × 0.05 × 0.4, yaani mita za mraba 8. Kwa mita za ujazo 600 kwa saa, usishuke chini ya 5. Kifunge ndani ya sanduku ili hewa iingie kutoka nje ya kichujio kwenda ndani, kama kwenye lori lenyewe. Vumbi litadondoka chini ya sanduku, na kukisafisha unapuliza kutoka katikati. Puliza nje, ukiwa na maski. Msimu wa mvua, mbao mbichi hulowesha karatasi na vumbi linakuwa uji, kwa hiyo mbao za namna hiyo zirandwe kichujio kikiwa kimetolewa, hewa ikielekezwa mbali na jirani.

Umeme: moteri hii inakula ampea kama 5, lakini wakati wa kuanza mara tano hadi saba ya hizo. Kuranti ikishuka hadi volti 180, nguvu ya kuanza inabaki theluthi mbili. Ikiunguruma bila kuzunguka, zima mara moja, vinginevyo kapasita au waya wa ndani vinaungua. Washa ya kunyonya kwanza, msumeno baadaye. Waya wa milimita za mraba 2.5, si 1.5, na kinga ya moteri iliyowekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati. Jenereta ya petroli nayo inapoteza karibu asilimia 15 kwenye mwinuko wetu.

Kwa msasa, hasa wa muvula ambao huwasha pua na ngozi, aspirateri ndogo yenye mfuko wa karatasi inunuliwe baadaye, na maski ya FFP2 ivaliwe hata hivyo. Cheche za meule (jiwe la kunolea) zisiingie kamwe kwenye tiyo hizi. Ukimwaga pipa, maranda ya libuyu au kalitusi unaweza kuyatumia kuwashia moto; ya MDF na tripleksi yana gundi, yasiende kwenye mbabula wala kwenye banda la kuku.