Nilivyotengeneza rili ya boti nikiwa Dodoma, nikairudia mara mbili

Karakana yangu ipo Kizota, hapa Dodoma. Toka hapa hadi maji ya chumvi ni zaidi ya kilomita 400, na kwa miaka mingi bahari niliiona kwenye kalenda tu. Kazi zangu zilikuwa za nchi kavu: mageti, matangi, na rili za mpira za maboza ya maji. Hizo rili ndizo zilizonipa jina. Ujenzi wa barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112 za vumbi kabla hujaona lami, ulihitaji maboza mengi, na boza likishakuwa na mpira wa mita 30 unaoburuzwa chini kila siku, mwenyewe atatafuta fundi.

Kwa asiyeijua, rili ni dramu ya chuma inayozungushiwa mpira. Ina mbavu mbili, mkono wa kuzungushia pembeni, na katikati kuna kiungo kinachopitisha maji au mafuta huku dramu ikizunguka. Kiungo hicho tunakiita swiveli. Ukiitazama unaona kazi ya nusu siku. Na mimi niliiona hivyo.

Mteja mmoja wa Tanga, mwenye boti inayopeleka dizeli kwa vyombo vingine vilivyotia nanga, aliiona rili yangu kwenye boza akiwa Dodoma kwa shughuli zake. Akaniambia, "Fundi, nitengenezee kama ile." Sikuuliza chochote. Nilikata chuma jioni ileile.

Baada ya miezi saba nikapigiwa simu niende. Nilipanda basi nikidhani ni beringi. Kwenye boti nikamkuta nahodha, mzee mwembamba, kofia ya kiua kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa Dodoma?"

"Ndiye mimi."

Hakuongeza neno. Akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya rangi, pale dramu ilipochomelewa kwenye ubavu, akavuta. Rangi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, na chini yake kutu, nyekundu, imelowa. Akanipa kile kipande nikishike.

"Mwanangu, Dodoma bahari mnayo?"

"Hatuna mzee."

"Basi sikulaumu."

Alinilaumu kweli, ila baadaye, tulipofika kwenye swiveli. Dizeli ilikuwa inadondoka taratibu kwenye sitaha, na walikuwa wameweka kopo la rangi chini yake. Kosa lilikuwa la raba. Niliweka oringi, ile pete ya raba ya kuzuia kuvuja, niliyonunua duka la vifaa vya maji, ya aina ya EPDM. Raba hiyo inavumilia maji ya moto vizuri sana, lakini ikikutana na dizeli inavimba na kulainika. Kwenye mafuta weka raba ya nitraili, au ya vitoni kama bajeti inaruhusu. Oringi zote ni nyeusi na zinafanana, kwa hiyo ziweke kwenye mifuko iliyoandikwa, usizichanganye kwenye kopo moja la misumari kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Fremu nayo niliijenga kwa bomba la mraba na kuacha ncha wazi, kama ninavyofanya kwenye mageti. Maji ya chumvi yaliingia ndani yakakaa. Nilipoigonga kwa nyundo, kutu ikamwagika kama chenga za mchele. Bomba la kwenda baharini lizibwe kabisa kwa kuchomelewa pande zote, au litobolewe chini ili maji yatoke. Katikati ya hayo mawili hakuna.

Halafu breki. Boza likisimama limesimama, pini moja inatosha kuzuia dramu. Boti haisimami. Mawimbi yakiiyumbisha, dramu yenye mpira inajifungua yenyewe usiku, na mabaharia walikuwa wameifunga rili yangu kwa kamba ya katani kama mbuzi. Siku hizi naweka vitu viwili: pini ya kufunga wakati wa safari, na breki ya mkanda inayokaza kidogo muda wote, ili mpira ukivutwa kwa nguvu dramu isizunguke kupita kiasi na kumwaga mikunjo chini.

Rili ya pili nilijenga kwa gharama zangu. Safari hii dramu na mbavu zote stenlesi. Nikajiona nimemaliza. Ila kwenye kuunganisha nilitumia bolti za kawaida, zile za kung'aa zilizopakwa zinki, kwa sababu za stenlesi ziliniishia na gari la kubeba mzigo lilikuwa linasubiri mlangoni. Miezi minne mbele nikatumiwa picha ya bolti iliyoliwa ikawa nyembamba kama penseli. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa kama betri, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Na dhaifu ikiwa ni kitu kidogo kama bolti, halafu imeshikana na bamba pana la stenlesi, inaliwa upesi sana. Yaani nilitumia pesa nyingi kununua kitu cha kuzila bolti zangu.

Kuhusu stenlesi yenyewe, wauzaji wana mchezo wa sumaku. Anaweka sumaku kwenye bamba, haishiki, anakuambia hii ni ya baharini. Sumaku haikuambii hivyo. Stenlesi ya 304, ya masinki na masufuria, na ya 316, ambayo ndiyo ya baharini, zote kwa kawaida hazishiki sumaku. Tofauti yao ni metali iitwayo molibdenamu, asilimia 2 hadi 3 ndani ya 316, na hiyo ndiyo inayozuia chumvi isiitoboe matundu madogomadogo. Kwa macho huwezi kuziona tofauti. Omba cheti cha kiwandani chenye namba inayolingana na iliyopigwa kwenye bamba. Muuzaji akikasirika, nenda duka lingine. Na ukifika karakana, tenga diski za grenda: diski iliyosaga chuma cha kawaida ikigusa stenlesi inaacha chembe, na chembe hizo zinaota kutu juu ya bamba lisilo na kosa lolote. Mteja ataona madoa ya kahawia na kusema umemuuzia bandia.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo mafundi wengi tunakisia. Mpira unaitwa kwa upana wa ndani, lakini dramu inajaa kwa upana wa nje. Mpira wa mafuta wa inchi 1 niliofungia Tanga nilipoupima kwa kalipa ulikuwa milimita 38 kwa nje. Mteja alitaka mita 60. Dramu yangu ilikuwa na kipenyo cha milimita 400 na upana wa 600 kati ya ubavu na ubavu. Gawa 600 kwa 38, unapata mizunguko 15 kamili kwa safu moja. Mzunguko wa safu ya kwanza unapimwa katikati ya mpira, si juu ya dramu: 400 jumlisha 38, zidisha kwa 3.14, ni kama mita 1.37. Mara 15, mita 20 na nusu. Safu ya pili inabeba mita 24, ya tatu karibu 28. Jumla ni mita 72. Sitini zinaingia na nafasi inabaki, na lazima ibaki, kwa sababu hakuna baharia anayepanga mpira kama uzi wa cherehani huku mvua inampiga. Safu tatu ni milimita 114 kwa kwenda juu, nikaacha 50 zaidi, ubavu ukatoka na kipenyo cha 730.

Ile 400 ya dramu haikutoka hewani. Kila mpira una kipimo cha chini cha kukunjwa kinachotolewa na kiwanda. Ukiufunga kwenye dramu nyembamba kuliko hapo unabonyea, na waya za ndani zinaanza kukatika bila wewe kuona.

Kisha uzito. Mita 60 za mpira ule zinabeba kama lita 30, na dizeli hiyo peke yake ni kilo 25. Mpira wenyewe ulikuwa kama kilo moja kwa mita. Hizo ni kilo 85 kabla hujapima chuma, na zote zinaning'inia kwenye beringi mbili juu ya kitu kinachocheza.

Kwenye mafuta kuna jambo jingine, la umeme tuli. Mafuta yakipita kwenye mpira yanazalisha chaji, na chaji inatafuta pa kurukia. Kwa hiyo kuwe na njia ya umeme isiyokatika kutoka nozo hadi mwili wa boti. Swiveli iliyojaa grisi inaweza kuikata njia hiyo, ndiyo maana naweka waya wa shaba na brashi pembeni, halafu napima kwa tesita kabla ya kukabidhi huku msaidizi wangu anazungusha dramu. Na mota? Kuna mtu aliwahi kuniomba nifunge mota ya waipa za gari ili asizungushe kwa mkono. Mota ya kawaida inatoa cheche. Kwenye mafuta nafunga mkono wa kuzungushia wenye mnyororo, au mota ya upepo kama chombo kina kompresa. Kazi za mitambo ya gesi, zinazodai vifaa vyenye vyeti vya mazingira ya mlipuko, nazikataa wazi. Sina vyeti hivyo, na kuwa na mikono mizuri si cheti.

Si kila chombo kinadai gharama hizi. Jamaa wa Mwanza alitaka rili ya maji ya kuoshea boti ziwani. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi, nikamfanyia chuma cha kawaida kilichochovywa kwenye zinki ya moto, bei karibu nusu.

Rili ya tatu ya Tanga ndiyo iliyokaa. Kabla ya kuipeleka niliijaza maji na kuipandisha hadi mara moja na nusu ya presha yake ya kazi, ikalala hivyo usiku mzima. Nahodha aliizungusha mara mbili, akaivuta breki, halafu akaniuliza mpira una mita ngapi. Nikamwambia 60. Akanionyesha nguzo za gati, alama ya maji ilipokuwa juu ya kichwa changu. Wakati wa bamvu, yaani siku ambazo bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa boti inashuka mita 3 na zaidi, na mpira uliofika vizuri asubuhi unaning'inia jioni. Bahati yangu zile 60 zilitosha, kwa sababu mwenye boti alikuwa ameshalifikiria hilo. Mimi sikuwa nimelifikiria kabisa.

Siku hizi kila mteja anajaza karatasi kabla sijawasha grenda: nini kinapita ndani ya mpira, presha gani, rili itakaa wapi, mlango wa kupitishia una upana gani. Swali la mwisho linasema: "Maji yakipwa, chombo kinashuka kiasi gani?" Wenye maboza wa hapa Dodoma wakifika hapo wananitazama. Nawaambia waache wazi.