Jibu: Kumchangisha ndugu aliyeko Marekani

Ndugu wa Uyole, umeuliza kama kaka yako mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani anaweza kuichangia kamati ya kisiasa (PAC, yaani kundi linalokusanya fedha za uchaguzi), na kama unaweza kumtumia dola 300 za parachichi aziongezee humo.

Yeye ruksa, hata kama bado si raia. Kwa kamati inayowachangia wagombea wa shirikisho, yaani wa urais na Bunge la taifa, kikomo chake ni dola 5,000 kwa mwaka wa kalenda. Zile ziitwazo Super PAC hazina kikomo, kwa kuwa haziruhusiwi kumpa mgombea fedha. Taslimu isizidi dola 100. Bora atumie kadi yake mwenyewe.

Zako, tafadhali, usitume kabisa. Wewe ni mgeni kwa sheria yao, kwa kuwa si raia wala huna kibali kama cha kaka, na mgeni haruhusiwi kuchangia uchaguzi wowote kule, wa shirikisho, jimbo wala mji. Kupitisha kwa kaka hakukuokoi: kuchangia kwa jina la mtu mwingine ni kosa la pili, na linamwangukia yeye pia. Na ni rahisi kunaswa, maana muamala wa benki kutoka Mbeya unabaki kwenye kumbukumbu.

Michango yake ikipita dola 200 kwa mwaka, mweka hazina ataripoti jina, anwani, kazi na mwajiri, na taarifa hiyo iko wazi kwa umma. Ajaze kikamilifu. Akiandika hundi ya akaunti ya pamoja na mkewe, mchango unahesabiwa wa aliyesaini. Wakitaka uwe wa wote wawili, wasaini wote.