Kiazi Kilichoanza Kuoza kwa Ndani: Je, Chombo Kinaweza Kukinusa?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha wakulima wa viazi mviringo mkoani Njombe. Msimu uliopita tuliweka ghalani magunia 60 ya viazi vilivyoonekana vizima kabisa. Baada ya wiki tano gunia moja la chini lilikuwa limelowa, na tulipolifungua, viazi vya katikati vilikuwa na ganda zima lakini ndani ni uji mtupu. Nimesikia kuna vyombo vinavyonusa ugonjwa kabla haujaonekana. Je, ni kweli, na vitatufaa?

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana kwa hasara hiyo. Ni kweli vyombo hivyo vipo. Ganda kubaki zima huku nyama imegeuka uji ni dalili ya uozo laini, ambao mara nyingi huletwa na bakteria wa jamii ya Pectobacterium. Huingia kupitia majeraha ya jembe na vitundu vya kupumulia vilivyo kwenye ganda, kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshikanisha seli. Kiazi kikilowa, utando wa maji huziba vitundu hivyo na oksijeni ya ndani hupungua, hivyo kinga ya kiazi hulegea ilhali bakteria hao wanaweza kuendelea kuzaana bila oksijeni.

Kiazi kinachooza hutoa mivuke, ikiwemo ya ethanoli, asetoni na misombo ya salfa, tangu uozo ukiwa mdogo mno kwa pua ya mtu. Kihisi, yaani kifaa kidogo kinachohisi mvuke, kinachotumika sana kuinasa huwa na tabaka jembamba la oksidi ya stani lililopashwa joto la nyuzi mia kadhaa. Mvuke ukiligusa, ukinzani wake wa umeme, yaani jinsi linavyozuia umeme kupita, hubadilika. Kihisi kimoja hakiwezi kutofautisha harufu, kwa hiyo huwekwa kadhaa vyenye hisia tofauti na kompyuta husoma mwitikio wa vyote kwa pamoja. Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1982 na Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Mwaka 2000 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliripoti chombo cha vihisi vitatu kilichogundua kiazi kimoja kilichooza kati ya kilo 100 za viazi vizima. Kiazi kilichoambukizwa lakini kisicho na dalili kilitambuliwa pia, ila kati ya kilo 10 tu. Naomba muiangalie tofauti hiyo kwa makini, kwa sababu ugonjwa uliofichika, ambao ndio hasa mnautafuta, ndio unaokisumbua zaidi chombo.

Ghala halisi lina magumu mengine. Hewa yake hutakiwa kuwa na unyevu mwingi ili viazi visisinyae, na vihisi vya aina hii huyumbishwa na unyevu. Huko Uingereza, tangu dawa ya kuzuia kuchipua iitwayo CIPC ilipopigwa marufuku mwaka 2020, baadhi ya maghala hutumia mafuta ya mnanaa, nayo ni mvuke mwingine ambao chombo lazima kifundishwe kuupuuza.

Kwa magunia 60, kwa maoni yangu, msinunue chombo. Kitawafaa wenye ghala la baridi la tani nyingi, ambako hakuna anayeweza kufikia viazi vya katikati. Ninyi mnaweza kuvifikia. Vuneni udongo ukiwa mkavu, tengeni kila kiazi kilichokatwa na jembe, msivioshe kabla ya kuvihifadhi, na msijaze lumbesa, kwani hewa haipiti humo. Kila wiki ingizeni mkono katikati ya gunia: mkisikia joto au utelezi, limwageni lote siku hiyohiyo na kulichambua.

SWALI: Je, chombo hicho kingesaidia kwenye mihogo yetu pia?

JIBU: Kwa tatizo linalowasumbua wengi, hapana. Michirizi ya buluu na nyeusi inayotokea ndani ya muhogo siku mbili au tatu baada ya kung'olewa husababishwa na mabadiliko ya mzizi wenyewe, yanayoanzia kwenye jeraha la kung'olewa, wala si maambukizi ya bakteria. Ng'oeni kiasi mtakachopika au kuuza mara moja, na kinachobaki kimenyeni na kukianika siku hiyohiyo.