Maswali ya Wasomaji: Kuchapa Fulana Nyumbani

Swali: Nataka kuchapa fulana na mifuko ya kitambaa nyumbani, lakini bei za fremu, dawa na taa nilizotajiwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, zimenishinda. Nianze na nini? – Msomaji, Jinja

Jibu: Ndugu yetu, anza bila dawa wala taa. Dawa, ile inayopakwa kwenye neti na kugandishwa na mwanga, inahitajika ukitaka mistari myembamba na herufi ndogo. Kwa maneno makubwa, kata mchoro kwa wembe kwenye karatasi ya kawaida, uiweke chini ya skrini (fremu iliyowambwa neti), kisha vuta wino juu ya neti kwa raba bapa. Mvuto wa kwanza wenyewe ndio unaoigandisha kwenye neti. Itachapa fulana kumi hivi kabla ya kulowa na kulegea. Kumbuka vile vipande vya katikati ya O na A: vinadondoka ukikata, kwa hiyo vibandike kwenye neti kimoja kimoja kwa tone la gundi.

Fremu ni mbao nne tu, nafasi ya ndani sm 30 kwa 40, zipakwe vanishi zisipinde kwa maji. Neti ya kuchapia fulana ni namba 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita. Ukiikosa, pazia jepesi la poliesta linafaa kwa herufi nene. Chandarua usijaribu, matundu yake yanamwaga wino. Piga pini za stepla katikati ya kila upande kwanza, kisha endelea kuelekea pembeni huku unavuta. Ukiigonga kwa kidole ilie kama ngoma.

Wakati wa kuchapa, weka sarafu moja chini ya kila pembe ya fremu ili neti iachane na kitambaa mara raba inapopita. Bila nafasi hiyo kingo za maandishi hutapakaa.

Swali: Nilichoma skrini yenye dawa (yaani niliianika ipate mwanga) juani dakika 4, saa mbili asubuhi, nilipoosha, dawa yote ikaondoka. Siku iliyofuata nikachoma dakika 4 zilezile saa sita mchana, na maandishi hayakufunguka kabisa. Dawa ni mbovu? – Msomaji, Entebbe

Jibu: Dawa ni nzima. Jua la saa mbili na la saa sita ni taa mbili tofauti. Dawa hugandishwa na mwanga, na pale rangi nyeusi ya filamu (plastiki angavu iliyochapwa mchoro) ilipoukinga inabaki laini na kutoka kwa maji. Asubuhi mwanga ulikuwa mdogo, dawa haikuganda. Mchana ulikuwa mwingi hadi ukapenya hata nyeusi hafifu ya printa. Kwa hili la pili, chapa filamu mbili na uzipange moja juu ya nyingine.

Tena mko kando ya ziwa, na hewa yenye unyevu hukausha dawa polepole. Dawa yenye unyevu ndani huoshwa hata ukiichoma sawasawa. Paka tabaka moja jembamba kila upande, laza skrini bapa kwenye giza usiku kucha, feni ikiwashwa.

Kisha usikisie muda. Chagua wakati mmoja maalumu wa siku isiyo na mawingu. Weka filamu upande wa neti unaogusa kitambaa, maandishi yakisomeka kinyume, ugandamize kwa kioo safi na utandike kitambaa cheusi chini. Funika yote kwa kadibodi isipokuwa ukanda wa vidole viwili. Kila sekunde 30 sogeza kadibodi ufungue ukanda mwingine, hadi ifike mara sita. Ukanda wa kwanza utakuwa umepata dakika 3, wa mwisho nusu dakika. Osha kwa maji baridi, na ukanda wenye kingo kali uliofunguka vizuri ndio muda wako, kwa wakati huo wa siku na dawa hiyo. Ukibadilisha dawa, rudia.

Swali: Wino unatoka nikifua mara ya pili. – Msomaji, Mbale

Jibu: Haukupata joto la kutosha, au fulana mpya ilikuwa na wanga wa kiwandani, ifue kwanza. Wino wa maji uache ukauke kabisa, kisha piga pasi kavu ya joto la pamba upande wa nyuma, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, ukiisogeza. Pasi ya mkaa inatumika, ila tandika karatasi safi, masizi yake hayasamehe fulana nyeupe. Subiri siku 3 ndipo ufue. Ukinunua plastisoli (wino wa plastiki), jua kwamba haikauki kwa hewa, inataka takriban digrii 160. Na koti za bodaboda za nailoni zenye kuakisi mwanga ziache, wino wa maji wa pamba haushiki nailoni.